Baiskeli ya mtoto si sare ya shule

Kila Januari wazazi hununua sare kubwa kuliko mwili wa mtoto. Sketi inakunjwa kiunoni, suruali inapigwa upindo, viatu vinajazwa kitambaa mbele, na hakuna anayelalamika. Mwaka ukiisha nguo imemwenea mtoto na mzazi ameokoa fedha. Ni busara ya kawaida katika nyumba yenye watoto watatu na mshahara mmoja, na wengi huenda nayo hivyohivyo dukani wanapotafuta baiskeli ya Idi au ya likizo ya Desemba: chukua hiyo kubwa, atakua nayo.

Sare kubwa humchekesha jirani tu. Baiskeli kubwa humwangusha mtoto.

Mtoto anayejifunza hujiokoa kwa miguu. Akihisi anapinduka, hajui bado kubana breki wala kurekebisha usukani. Anachojua ni kushusha mguu chini. Mguu usipofika, au ukigusa kwa ncha ya vidole, anakwenda chini na chombo chote. Baiskeli ya chuma yenye tairi la inchi 16 inaweza kufikia kilo 10, na mtoto wa miaka mitano kwa kawaida ana kilo 18 hivi. Ni kama kumpa baba mwenye kilo 80 chombo cha kilo 44 akiendeshe, na miguu yake haifiki chini. Akianguka mara mbili tatu hofu inamwingia, na baiskeli inaegemezwa ukutani nyuma ya nyumba, inaanikiwa nguo. Kutu inakula mnyororo kabla mtoto hajaienea. Hapo hata ile hesabu ya kubana matumizi imekwenda na maji.

Wapo watakaosema mbona wao walijifunza kwa Phoenix ya baba, tairi inchi 28, mguu mmoja umepitishwa katikati ya fremu chini ya bomba la juu, mwili umepinda kama upinde. Ni kweli, na wengi wana makovu magotini kama ushahidi. Lakini walijifunzia uwanja wa mpira au njia ya shamba, mahali gari lilipopita kwa nadra. Mtoto wa Tabata au wa Nyamagana leo anajifunzia mtaa wenye bodaboda na bajaji. Kuyumba ambako kijijini kuliishia kwenye nyasi, mjini kunaweza kuishia chini ya gurudumu.

Kipimo basi ni nini? Si umri, ingawa dukani swali la kwanza huwa ni "ana miaka mingapi?" na jibu ni baiskeli inayotolewa mlangoni. Darasa moja la kwanza lina watoto wanaopishana urefu kwa sentimita 15 na zaidi. Kinachopimwa ni mguu, kwa ndani, kutoka kinena hadi sakafuni. Mtoto asimame ameegemea ukuta, amevaa viatu atakavyoendeshea (kandambili zisihesabiwe), kisha kauntabuku lipitishwe katikati ya miguu na kupandishwa taratibu mpaka aone kama amelikalia. Mahali ukingo wa juu wa daftari ulipofika, chora alama ukutani kwa penseli, upime kwa futi ya fundi cherehani. Kama futi haipo, kata kamba yenye urefu huohuo, ikunje mfukoni, uende nayo sokoni. Kwa mzazi anayetaka kumshtukiza mtoto kwa zawadi, kamba hiyo ndiyo mtoto mwenyewe.

Sokoni, mwambie muuzaji ashushe kiti hadi mwisho, kisha shika kamba juu ya kiti iachie ining'inie. Ikigusa ardhi, mtoto atakaa akiwa amekanyaga kwa nyayo zote mbili, na huyo ndiye anayeweza kujifunza bila woga. Ikiishia hewani, baiskeli hiyo ni kubwa kwake, hata kama bei imeshuka mara mbili tangu mfike. Mtoto ambaye tayari anajua kuendesha anaruhusiwa kiti kilichozidi kamba kwa sentimita 3 hadi 5, maana yeye anahitaji kugusa chini kwa sehemu ya mbele ya nyayo tu. Kisha pima bomba la juu: mtoto akisimama katikati ya baiskeli, mbele ya kiti, pawe na nafasi ya vidole viwili vitatu kati yake na chuma.

Namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, kwa mfano 16 x 1.75, inaanza na kipenyo cha gurudumu kwa inchi. Kwa kawaida inchi 12 huwafaa watoto ambao hawajazidi mita moja, inchi 16 wenye sentimita 105 hadi 120, inchi 20 wenye 115 hadi 135, na inchi 24 kuanzia 130. Kwenye mitumba ya Japani hupatikana pia 18 na 22, ambazo huokoa mtoto aliye katikati. Namba hizo zinaingiliana, na aliye kwenye maingiliano achukue ndogo kama ndiyo kwanza anaanza. Hata hivyo baiskeli mbili za inchi 20 zinaweza kuwa na viti vya urefu tofauti kabisa, kwa hiyo kamba isiachwe nyumbani.

Hofu kwamba mtoto anarefuka haraka ina msingi wake. Kuanzia miaka minne hadi kabla ya kubalehe, mtoto huongezeka kama sentimita 6 kwa mwaka. Lakini kinachopanda baiskeli ni mguu, na mguu huchukua nusu tu ya hizo, yaani kama sentimita 3. Nafasi ya kukua, kwa hiyo, haitafutwi kwenye gurudumu. Inatafutwa kwenye bomba linaloshika kiti. Chomoa bomba hilo dukani ulitazame. Likiweza kupandishwa sentimita 10 kutoka chini kabisa, 4 zitatumika miezi ya mwanzo, mtoto akishazoea na kuhitaji kiti cha juu zaidi. 6 zinazobaki ni miaka miwili. Mengi yana mstari uliochongwa kuonyesha mwisho wa kupandisha, na mstari huo usionekane kamwe nje ya fremu, kwani bomba linaweza kupinda au kukatika mtoto akiwa juu. Bomba likiwa fupi na fremu bado inamtosha, fundi anaweza kubadilisha akaweka refu lenye unene uleule. Ni kazi ndogo ambayo wazazi wachache huiulizia.

Wasichana huanza kurefuka kwa kasi mapema, mara nyingi karibu na miaka 10, wavulana kama miaka miwili baadaye. Baiskeli ya inchi 24 anayonunuliwa binti wa miaka tisa wakati bomba la kiti tayari liko karibu na mwisho haitavuka mwaka wa pili. Huyo ndiye wa kuanza kutazamiwa inchi 26, ikiwa kamba yake imekubali.

Kuhusu fremu iitwayo ya kike, ile ambayo bomba la juu limeshuka: ni fremu bora kwa mtoto yeyote mwenye miguu mifupi, kwa sababu hurukwa kwa urahisi anapotaka kushuka haraka. Baba anayemnyima mwanawe kwa kuogopa wenzake watacheka anailinda heshima yake, si magoti ya mtoto.

Vidole navyo vina ukubwa. Mkono wa breki ulio mbali na mpini ni breki isiyokuwepo. Mtoto aonekane akiubana mpaka mwisho kwa vidole vyake mwenyewe. Breki nyingi zina skrubu ndogo ya kuusogeza karibu. Kwenye mitumba, jaribu pia kila mkono peke yake huku ukiisukuma baiskeli, kwa kuwa katika nchi nyingine mkono wa kulia hushika gurudumu la mbele na kwingine la nyuma. Mtoto aambiwe upi ni upi kabla hajateremka mlima wowote.

Muuzaji aliyeona kamba imeikataa baiskeli yake atapendekeza vigurudumu vya pembeni. Hivyo huficha ukubwa kwa muda tu, na siku vikitolewa tatizo linarudi palepale. Njia nzuri zaidi ni ya zamani kuliko baiskeli yenyewe: mashine aliyotengeneza Mjerumani Karl Drais mwaka 1817 haikuwa na pedali, na mpandaji aliisukuma kwa miguu. Fungua pedali kwa spana, ukikumbuka kuwa ya kushoto hufunguka kwa kuzungushwa kuelekea mbele ya saa, yaani kinyume cha nati za kawaida. Shusha kiti, mwache mtoto ajisukume uani. Siku atakapoinua miguu yote miwili na kuteleza bila kuyumba, rudisha pedali.

Magoti yakianza kugonga usukani, au mstari wa bomba ukichungulia, baiskeli imekwisha kwa huyo, lakini haijafika mwisho. Iliyonunuliwa kwa saizi sahihi kwa kawaida imetumika, imepakwa mafuta, inauzika au inashuka kwa mdogo wake au binamu. Kabla haijashuka, fundi abadilishe mipira ya breki, na mtoto mpya apimwe kamba yake mwenyewe.