Mpira Uliosogezwa kwa Mguu



Mwezi uliopita, tulipokuwa tukimaliza likelemba, mwenzetu mmoja alifungua fundo la kitenge chake akaweka feza mezani. "Hizi si za kikundi," akasema. "Nimekuja kuuliza kama ni zangu."

Kijana wake ana miaka 18. Anafanya kazi mji mwingine, kwenye uwanja wa gofu. Anambebea mchezaji mfuko wa fimbo na kumwonyesha mpira ulipoangukia. Siku moja mpira wa bosi ukaingia kwenye majani marefu. Bosi akatazama nyuma, akausogeza kwa mguu mpaka penye majani mafupi, kisha akapiga. Hakuna mwingine aliyeona. Jioni akamlipa kijana mara mbili ya siku zote, bila kusema kwa nini. Kijana akatuma ile ziada kwa mama yake, na neno hili: "Mama, sijui kama ni zawadi ama ni ya kunifunga kinywa."

Wengi wetu hatujawahi kukanyaga uwanja wa gofu. Tulidhani ni mchezo wa matajiri, hautuhusu. Lakini mama huyo alitueleza adabu ambazo mwanawe alifundishwa, tukaona tunazijua. Mwenzako akipiga, unanyamaza wala husogei. Ukichimbua majani kwa fimbo, unayarudisha. Ukikanyaga mchanga, unasawazisha nyayo zako ili anayekuja nyuma asiteseke. Kama mpira unaelekea kwa watu, unapiga kelele waepuke. Na walio nyuma yako wakiwa wepesi kuliko wewe, unawapisha. Je, si hayo hayo tunayowaambia watoto kwenye foleni ya maji?

Jambo moja lilitushangaza zaidi. Katika mpira wa miguu kuna mwamuzi na filimbi yake. Kwenye gofu, mara nyingi wachezaji huenda peke yao, bila mwamuzi wa kuwafuata. Katika mashindano, mwenzako ndiye anayeandika idadi ya mapigo yako kwenye kadi, na mwishoni wote wawili mnatia sahihi. Ukiusogeza mpira wako kinyume cha sheria, unatakiwa uurudishe ulipokuwa, na ujiongezee mwenyewe pigo la adhabu. Mwaka 1925, katika mashindano makubwa ya Marekani, mchezaji Bobby Jones alisema mpira wake umetikisika kidogo majanini. Wengine hawakuona kitu, lakini alishikilia aandikiwe pigo moja zaidi. Mwishoni akalingana na Willie Macfarlane, ikabidi warudie, naye Jones akashindwa kwa pigo moja. Bila lile alilojiandikia, angekuwa ameshinda tangu mwanzo.

Basi tukaanza kubishana. Mmoja alisema, "Mtoto hakuiba. Alibeba mfuko, alipwe, dada yake asome." Mwingine akasema, "Nani amewahi kuona mtoto akimkosoa mkubwa?" Wa tatu, anayeuza ndagala, alisema kwa sauti kubwa kuliko wote, "Arudishe! Feza ya uongo haikai nyumbani!"

Hapo mzee wetu mmoja akamuuliza kwa upole, "Mama, na kopo lako? Lile lililobonyezwa chini?"

Tulicheka sana. Halafu tukanyamaza, maana kila mmoja alikumbuka kopo lake. Sanduku letu la akiba tumelifunga kwa kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa watu watatu. Ni vizuri. Lakini watoto wetu hawatuoni tukifunga sanduku. Wanatuona tukipima unga. Wanatusikia tukimwambia mdai, kwa kupitia kinywa chao wenyewe, kwamba mama hayupo.

Neno letu kwa yule mama lilikuwa hili. Heshima kwa mkubwa ni kutomwaibisha mbele ya watu. Si kumsaidia kudanganya. Kijana hakukosea kutopiga kelele uwanjani, kwa kuwa yeye si mwamuzi. Lakini akiulizwa, aseme alichoona. Na ile ziada airudishe, kwa mikono miwili, faraghani, kwa maneno machache: "Bosi, mshahara wangu nimepokea. Hii imezidi."

Wiki hii mama ametuletea jibu. Kijana alirudisha. Bosi alipokea, hakusema kitu, na tangu siku hiyo anamwita mwingine kubeba mfuko wake. Kijana sasa anakaa kwenye benchi na wenzake kungoja mchezaji yeyote atakayemchagua, na siku nyingine anarudi bure. Hatutawaficha wamama jambo hilo. Adabu ina bei, na mara hii imelipwa na nyumba isiyo na kitu. Kikundi kimekubali kuazima karo ya dada yake kwenye sanduku, na mama atarudisha kidogo kidogo.

Tulimuuliza kama anajuta. Akasema, "Nilimlea hivyo. Sasa ningemwambia nini?"

Juma hili tunawaomba jambo moja dogo. Watoto wakicheza mpira pale ufukweni, msiulize kwanza nani ameshinda. Ulizeni, "Leo nani alikubali kosa lake kabla hajasemwa?" Huyo mpeni kipande kikubwa cha muhogo.

Na yule mwenzetu wa ndagala? Jana tulipita kwenye meza yake sokoni. Kopo ni jipya, na chini yake ni bapa. Nendeni mkanunue kwake.