Kitufe cha "Imelipwa" Kiondolewe

Nina ugomvi na kitufe kimoja. Kimo katika programu nyingi ndogo za uhasibu: unafungua orodha ya ankara (invoisi, kama wengi wetu tuitavyo), unachagua ya mteja fulani, unabonyeza "Imelipwa". Basi, nyekundu inageuka kijani na deni limetoweka. Mimi nasema kitufe hicho kiondolewe.

Kwa nini? Kwa sababu kulipwa kwa ankara si jambo la kutangaza, ni jambo la kuhesabu. Chukua jumla ya ankara, toa pesa zilizopokelewa, kinachobaki ni salio. Salio likiwa sifuri, imelipwa. Hesabu hiyo tarakilishi inaiweza. Ya nini kumwachia karani?

Tuchukue mfano wa hapa Kenya. Umeiuzia kampuni kubwa viti vya shilingi 100,000. Ongeza VAT ya asilimia 16, ankara inakuwa 116,000. Kama kampuni hiyo imeteuliwa na KRA kuzuia VAT, itakata asilimia 2 ya ile 100,000 na kuiwasilisha KRA kwa niaba yako. Benki utaona 114,000. Karani akibonyeza "Imelipwa", zile 2,000 zimezama. Wakati wa kujaza ritani nani atakumbuka kuzidai? Na ni pesa zako! Programu nzuri ingeandika mapokezi mawili: 114,000 za benki, na 2,000 zilizozuiliwa.

Kuna kubwa zaidi. VAT haimngojei mteja. Ukishatoa ankara, ushuru wake unaingia katika ritani ya mwezi huo, na unatakiwa kulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Mteja akikuzungusha miezi mitatu, ushuru umeshautoa mfukoni mwako. Ndiyo maana orodha ya ankara inafaa ipange madeni kwa umri: yaliyopita siku 30, 60, 90. Kijani cha uongo hakikuambii umpigie nani simu leo.

Najua mtaniambia wenye maduka wanataka urahisi. Sawa. Wapeni kitufe cha "Pokea malipo", kiulize mambo matatu tu: kiasi gani, lini, kwa njia gani. Wanaolipa kwa Paybill ya M-Pesa waombwe kuandika nambari ya ankara mahali pa akaunti, programu iunganishe malipo yenyewe. Na mteja akirudisha bidhaa? Toa hati ya kupunguza deni. Usiguse ankara ya awali. Ankara iliyokwisha kupita eTIMS husahihishwa kwa hati hiyo, si kwa kufutwa.

Wala sisemi jambo geni. ERPNext, ambayo ni programu huria, hukokotoa hali ya ankara kutokana na salio lake. Msimbo wake uko wazi, sisi waundaji programu tunaweza kuusoma na kujifunza.

Nawe ndugu mwenye biashara, fanya jaribio hili leo. Chagua ankara tano za kijani katika orodha yako, uulize kila moja: pesa ziliingia lini, na kwa njia gani? Ikishindwa kujibu, hujui kama umelipwa. Unaamini tu.