Ploti ya Kitengela na Shamba la Sironga

Jioni moja katika msimu wa mvua, mzee mmoja jirani yangu hapa Sironga alinijia na bahasha ya kaki mkononi. Ndani yake mlikuwamo hatimiliki ya shamba lake, ramani ya ploti moja iliyoko Kitengela, na fomu ya maombi ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi ambayo ilikuwa haijajazwa. Mwanawe, ambaye niliwahi kumfundisha, sasa ni mwalimu katika shule moja upande wa mashariki wa Nairobi. Ana mke na watoto wawili, nao wanaishi katika chumba kimoja mtaani Pipeline, mahali ambapo ghorofa zimesongamana hata jua haliwafikii walio chini. Kijana amemwomba baba yake auze nusu ekari ya chai, ili yeye anunue ploti ya futi 50 kwa 100 na kuwajengea watoto wake nyumba.

"Mwalimu," mzee aliniuliza, "wewe uliyewahi kuishi Nairobi, je, nitie sahihi?"

Sikumjibu siku ile. Nilimpa chai, tukazungumza mambo ya mvua na bei ya majani, akaenda zake. Nimeona heri nimjibu hapa, kwa kuwa swali hilo si lake peke yake. Katika chumba chochote cha walimu jijini utakachoingia wakati wa mapumziko, mazungumzo hayachukui muda kabla ya kufika Rongai, Ruiru, Joska, Kamulu au Kitengela. Wanafunzi wanaosoma safu hii nao watalikuta swali hilo likiwangoja mara watakapopata ajira.

Niseme mapema kwamba simlaumu kijana. Anayetaka watoto wake wawe na mahali pa kuchezea hajafanya kosa. Wala hayuko peke yake katika safari hiyo. Mwaka 1999 iliyokuwa Wilaya ya Kajiado ilihesabiwa kuwa na watu takriban laki nne. Sensa ya mwaka 2019 ikapata zaidi ya milioni moja na laki moja. Miji ya Kitengela na Ongata Rongai, ambayo wengi wetu tuliijua kama vituo vya kununulia nyama choma tukipita, kila mmoja ulikuwa umepita watu laki moja na nusu. Watu hao wengi hawakufuata malisho huko. Walisukumwa na kodi ya nyumba.

Aidha, ni haki tukumbuke kwamba Nairobi haikujengwa kwa ajili ya familia za watu kama sisi. Ilianza mwaka 1899 kama kituo cha reli, na kwa miaka mingi serikali ya kikoloni ilimhesabu mfanyakazi Mwafrika kuwa mwanamume wa kupita tu, anayehitaji nafasi ya kitanda na si nyumba. Mke na watoto walikuwa wabaki kwao wakilima. Kaloleni, uliojengwa katika miaka ya 1940, ulikuwa miongoni mwa mitaa ya mwanzo kupangwa ukiwafikiria Waafrika wenye familia. Baada ya uhuru yakafanywa majaribio ya maana. Buruburu ulijengwa kuanzia miaka ya 1970 kwa ajili ya watu wa kipato cha kati. Umoja ukafuata, kwa msaada wa Marekani. Na Dandora, kwa fedha za Benki ya Dunia, ambako mwananchi alipewa kipande cha ardhi chenye maji na choo, ajijengee vyumba kadiri ya uwezo wake. Atembeleaye Umoja au Dandora leo ataona yaliyotokea. Palipokusudiwa nyumba ya familia moja pamesimama ghorofa za kupangisha chumba kimoja kimoja. Mtaa wa bei nafuu ukikaribia kazi haukawii kugeuka ghali au kusongamana, na mwenye kipato kidogo husogezwa mbele hatua nyingine. Hatua ya leo ndiyo hiyo ya Kitengela na Joska.

Hebu basi tufanye hesabu, maana walimu tunapenda kuwafanyisha wengine hesabu na kuisahau yetu.

Kutoka Kitengela hadi katikati ya jiji ni yapata kilomita 30. Kwa kilomita tu, si mbali. Lakini mwalimu anayetakiwa kuwa shuleni kabla ya saa moja hasafiri kwa kilomita, husafiri kwa foleni ya Barabara ya Mombasa. Tuchukue mfano wa saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, na siku 22 za kazi kwa mwezi. Hizo ni saa 88. Katika miezi tisa ya masomo zinafika 792, ambazo ni siku 33 kamili, mchana na usiku, akiwa ameketi ndani ya matatu. Nauli nayo tuseme ni shilingi 150 kila upande, bila kusahau kwamba mvua ikinyesha manamba hutaja bei anayotaka. Kwa mwezi ni shilingi 6,600. Ikiwa mke pia anafanya kazi jijini, zidisha kwa mbili. Ni kweli kwamba mwenye nyumba yake halipi kodi. Hata hivyo, bei ya chai itatosha kununua ploti tu. Kuta na mabati vitatoka kwa mkopo wa chama cha ushirika, na makato yake yatamfuata mwalimu huyu kwa miaka.

Fedha huweza kutafutwa. Siku hizo 33 zitatafutwa wapi? Baba anayetoka nyumbani saa kumi na nusu alfajiri na kurudi saa mbili usiku huwakuta watoto wake wamelala na kuwaacha wamelala. Nimewafundisha watoto wengi ambao baba zao walikuwa Nairobi nao wakiwa hapa Sironga, na ninajua lile pengo lilivyoonekana katika daftari na katika tabia. Itakuwa ajabu kuuza chai yote hiyo ili kulihamisha pengo lile lile hadi Kitengela.

Yako na mambo ambayo dalali hayataji anapompeleka mteja kuiona ploti, aghalabu siku ya Jumapili barabara zikiwa wazi. Maji, mathalani. Katika maeneo mengi ya Kitengela na Athi River maji ya visima yana chumvi, na ya kunywa hununuliwa kwa mtungi au kuletwa kwa lori. Shule za umma hazikuongezeka kwa kasi ya nyumba, kwa hiyo mzazi hujikuta akilipa karo ya akademia ya kibinafsi, na basi la akademia juu yake. Zahanati ipo wapi? Mtoto akishikwa na homa usiku, njia ya udongo mweusi inapitika? Sisi tuliozoea udongo mwekundu wa Nyamira hatuujui ule udongo wa tambarare wakati wa mvua. Huivua viatu miguu ya watu wazima.

Kisha kuna hatari kubwa kuliko hizo zote. Mwaka 2011 nyumba zilibomolewa Syokimau, watu wakiwa na hati mikononi, kwa kuwa serikali ilisema ardhi ile ilikuwa ya uwanja wa ndege. Mwezi Oktoba mwaka 2023 tingatinga zikaingia Mavoko, katika ardhi ambayo mahakama ilikuwa imeamua kuwa ni mali ya kampuni ya saruji ya East African Portland. Waliobomolewa hawakuwa wavamizi wote. Wengi walikuwa wamelipa fedha halali kwa watu wasiokuwa na haki ya kuuza, wakapewa karatasi zenye mihuri. Kati ya watu kama hao, ni wangapi waliuza shamba kwao ili kulipia? Mzee jirani yangu alipoulizwa na mimi kama kuna yeyote aliyekwenda kwa msajili wa ardhi kuitafuta namba ya ile ploti katika rejista, alisema kwamba dalali ni mtu wa kanisa.

Sasa nigeukie upande wa pili wa bahasha, yaani Sironga yenyewe. Sitaki kuisifu kupita kiasi kwa sababu ni kwetu. Nyamira na Kisii ni miongoni mwa sehemu za mashambani zenye msongamano mkubwa wa watu nchini. Sensa ya 2019 ilipata zaidi ya watu laki sita katika Nyamira, kaunti isiyofika kilomita mraba elfu moja. Babu alikuwa na ekari kumi, baba akapata mbili na nusu, na mwana anaonyeshwa mistari michache ya michai na mahali pa kujenga nyumba moja. Kijana anaposema kwamba nusu ekari ikigawanywa kati ya ndugu wanne haimlishi yeyote, anasema kweli, nasi wazee tusijifanye hatukusikia.

Lakini michai ile haitazamwi kama urithi wa mwana pekee. Ndiyo inayomlisha mzee na mkewe hivi sasa. Kila mwezi kiwanda hulipa kilo zilizopelekwa, na mara moja kwa mwaka huja bonasi, ambayo ndiyo iliyomlipia kijana huyu karo tangu kidato cha kwanza hadi chuo. Bado ana dada wawili shuleni. Nilimwuliza mzee mama anasemaje. Akaangalia nje. Ikumbukwe kwamba sheria haimruhusu mume kuuza ardhi ya familia bila mke kukubali, na bodi za ardhi kwa desturi humtaka mke na watoto wazima wafike waulizwe mbele ya watu. Nusu ekari hapa hununua thumuni ya ekari kule. Thumuni hiyo haichumwi, hulalwa tu.

Atauliza mtu: kwa nini kijana asirudi akafundishe huku? Wako wanaofanya kazi mjini Kisii, katika chuo kikuu au hospitali kuu, wakalala makwao Nyamira na kupanda matatu asubuhi. Mboga zao hutoka nyuma ya nyumba na watoto wao wanamjua nyanya yao. Hao wamepata mtaa wa familia bila kuununua. Ila mwalimu hachagui tu. Tangu mwaka 2018 Tume ya Kuwaajiri Walimu iliwahamisha wengi mbali na maeneo yao, familia nyingi zikatawanyika, na ikachukua miaka kadhaa na kelele nyingi kabla ya sera ile kulegezwa. Hapo ndipo penye fundisho ambalo kijana wangu hajalizingatia: mwalimu huhamishwa. Akipelekwa Thika au Turkana kesho, nyumba ya Kitengela ataibeba vipi?

Kwa maoni yangu, basi, mzee asitie sahihi. Na kijana asiendelee kukaa Pipeline. Kati ya hayo mawili kuna njia ambayo haina fahari ya kuitwa mwenye ploti, nayo ni kupanga nyumba ya vyumba viwili mahali ambapo yeye au mkewe anaweza kwenda kazini kwa miguu, au kwa safari ya nusu saa. Apatazame kwanza karibu na reli ya abiria, mathalani upande wa Syokimau, ambako kituo kilifunguliwa mwaka 2012, au Ruiru. Gari la moshi halikwami kwenye foleni, ingawa safari zake ni chache na husongamana. Kama bado moyo wake uko Kitengela, apange huko huko miezi sita kabla ya kununua. Aende stejini saa kumi na moja alfajiri siku ya Jumatatu mvua ikinyesha. Aulize bei ya maji, atembee hadi shule ya umma iliyo karibu ahesabu watoto darasani; yeye ni mwalimu, ataelewa anachokiona. Baada ya hapo, akinunua kwa akiba yake mwenyewe, nitakwenda kula naye siku ya kuhamia.

Serikali nayo isidhani imesahaulika. Kwa sheria ya mwezi Machi mwaka 2024, kila mwalimu hukatwa asilimia moja na nusu ya mshahara wake kwa ajili ya nyumba za bei nafuu, na mwajiri wake hutoa kiasi kama hicho. Anayekatwa ana haki ya kuuliza nyumba hizo zinajengwa wapi. Zamani shule nyingi zilikuwa na nyumba za walimu uani. Mwalimu alisikia kengele akiwa bado anakunywa uji. Sioni kwa nini sehemu ya fedha hizo isirudishe nyumba hizo, hasa katika shule za jijini zenye ardhi ambayo wanyakuzi wanaimezea mate. Na mabasi ya mwendo kasi, ambayo Dar es Salaam ilianza kuyaendesha mwaka 2016, Nairobi imeyangoja kiasi cha kutosha. Mamlaka ya usafiri wa eneo la jiji kuu iliundwa mwaka 2017. Mwalimu wa Kitengela angependa kujua ratiba.

Nimemsomea mzee maneno haya kabla ya kuyapeleka gazetini. Alisikiliza hadi mwisho, akaniomba nimpigie kijana simu nimweleze mwenyewe, kwa kuwa yeye akimweleza ataonekana amemnyima. Nimempigia. Alinyamaza kwa muda, kisha akaniuliza kama ninamfahamu mtu mwenye nyumba ya vyumba viwili karibu na shule yake. Simfahamu, lakini nimeahidi kuuliza. Bahasha imerudi sandukuni, na ufunguo, nimeambiwa, amepewa mama.