Fungate Huhesabiwa Baada ya Nikaha



Wiki hii tumepokea swali la mama mmoja wa Kitale. Binti yake ameposwa na kijana wa Bungoma. Posa imekubaliwa, na sehemu ya mahari imekwisha tolewa. Nikaha imewekwa baada ya miezi mitatu. Sasa kijana ametaka yeye na mchumba wake waje Diani siku nne, akidai kuwa ni bora wajuane tabia kabla ya kufunga ndoa. Binti anachelea kuwa akikataa posa itavunjika. Mama anatuuliza: "Si wameshakuwa kama mume na mke?"

Tunamjibu waziwazi: la, hawajawa. Posa ni ahadi, na ahadi si ndoa. Wachumba hubaki ajinabi baina yao mpaka walii aozeshe na mume akubali mbele ya mashahidi wawili. Mtume (S.A.W.) amekataza mwanamume kukaa faragha na mwanamke asiye maharimu wake, na mchumba hakutolewa katika katazo hilo.

Lugha yetu yenyewe inatufundisha. Wazee wa pwani waliziita siku za maarusi fungate, neno litokanalo na hesabu ya kale ya saba. Bwana arusi alikaa ndani na mkewe siku saba, somo akiwahudumia na jamaa wakileta vyakula. Hesabu ilianza usiku wa kuingia nyumbani, wala hapakuwa na siku ya kwanza kabla ya akdi. Saba hiyo inaafikiana na Sunna: amepokea Anas (R.A.) kwamba mwenye mke akioa mwanamwali hukaa naye siku saba, na akioa aliyewahi kuolewa hukaa naye siku tatu.

Tutazame pia haki za binti huyu. Mke aliyetajiwa mahari akiachwa baada ya akdi na kabla ya kuguswa, hupata nusu yake, kama ilivyo katika Surat al-Baqara, aya ya 237. Akishaingiliwa, mahari yote ni yake, na akiachwa ana eda na nafaka ya eda. Je, mchumba aliyerudi kutoka hotelini, kisha posa ikavunjwa, ana nini? Ibara ya 170 ya Katiba ya Kenya ya 2010 imeipa Mahakama ya Kadhi mamlaka juu ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu. Lakini hapo hapana ndoa ya kuamuliwa. Kijana atarudi Bungoma aende kuposa kwingine. Binti atabaki Kitale na maneno ya watu, na pengine na mimba ambayo nasaba yake itakuwa na mashaka.

Hata hivyo, haja ya kujuana ni haja ya kweli, na dini haikuipuuza. Mughira bin Shu'ba (R.A.) alipotaka kuoa, Mtume (S.A.W.) alimwelekeza aende akamtazame mchumba wake. Basi kijana na aje Kitale, akae ukumbini na binti, ndugu yake wa kiume akiwapo. Waulizane juu ya swala, kazi, madeni, masomo ya binti, na kama wataishi kwao wenyewe au kwa mama mkwe. Nao wazee wa binti waende Bungoma wakamuulize imamu wa msikiti anaoswali, majirani zake na anaofanya kazi nao. Hotelini chakula huletwa kimepikwa na kitanda hutandikwa na mwingine. Tabia ipi ya nyumbani itakayoonekana huko?

Ikiwa wanaona miezi mitatu ni mingi, basi akdi itangulizwe. Akdi haihitaji ukumbi wa kukodi wala mamia ya sahani. Inahitaji ridhaa ya binti, walii, mashahidi wawili na mahari, na isimamiwe na kadhi au imamu aliyeidhinishwa ili wapate cheti. Baada ya hapo wasafiri watakako, na karamu ije baadaye kwa kadiri ya uwezo. Diani ni zaidi ya kilomita 800 kutoka Kitale. Wakitaka kupunguza gharama, Saiwa iko karibu nao, hifadhi ndogo ya taifa ambamo watu hutembea kwa miguu kumtazama nzohe, swala wa kinamasini. Watakwenda wakiwa wameshikana mikono, wala hapana atakayewauliza.

Nawe binti yetu, mwambie mchumba wako kwa upole kwamba unakubali safari, lakini baada ya nikaha. Akikubali, umejua jambo kubwa juu ya tabia yake. Akivunja posa kwa sababu hiyo, umelijua pia, nawe bado uko kwenu na heshima yako.

Wabillahi tawfiq.