Mdogo wetu si mvivu, hana msimamizi

Nimekuwa kimya hapa kibarazani karibu miezi miwili, zamu zilifuatana bila huruma na jua la Riyadh halina mjadala. Mliouliza kama nimeolewa kimyakimya, hapana, bado nipo nipo. Leo nimekuja kugombana.

Nimesoma kwenye kikundi cha familia uamuzi wa kikao kilichopita: mdogo wetu aachane na hiyo shahada ya uzamivu, michango isimame, arudi kufundisha. Shangazi akatia msumari kwamba miaka saba si masomo tena, ni makazi. Nilicheka peke yangu kwenye basi la wafanyakazi hadi Mfilipino mmoja akanigeukia. Halafu nikakasirika. Mnamhukumu mtu kwa kosa la mwingine.

Wazee wasiofuata mambo haya, nieleze kidogo. Uzamivu ndiyo hiyo PhD. Neno limetoka kwenye kuzama (si kuzamia meli, wale wa bandarini nyamazeni). Mwanafunzi hakai darasani na wenzake arobaini. Anachagua jambo moja, analichimba miaka kadhaa, anaandika kitabu kinachoitwa tasnifu, kisha anakitetea mbele ya wataalamu. Katika safari yote hiyo mwalimu wake hasa ni mmoja au wawili, anaitwa msimamizi. Huku Ghuba, kabla ya mafuta, watu walizamia lulu. Mzamiaji alishuka na jiwe mguuni, na juu ya chombo alikuwapo mtu wake aliyeitwa saib, mwenye kazi ya kushika kamba na kumvuta akiitikisa. Sasa fikiria saib ameweka kamba chini akaenda kunywa kahawa. Tutasema mzamiaji ni mvivu kupanda?

Hebu tuhesabu hiyo miaka saba. Jina la chuo naliacha, mnalijua. Pendekezo la utafiti lilikaa mwaka mzima kabla hajapangiwa mtu. Alipopangiwa, aliambiwa kwa mdomo, koridoni, hakuna barua. Sura ya kwanza na ya pili alizipeleka zimechapwa akaambiwa "niachie mezani". Miezi kumi na moja! Ziliporudi zilikuwa na neno moja pembeni, "fafanua", na doa la chai. Kisha mzee akapata cheo kikubwa mkoa mwingine akaondoka. Hakuna aliyemkabidhi mwanafunzi kwa yeyote. Msimamizi wa pili, ambaye jina lake lilikuwa kwenye fomu tu, akajitokeza mwaka wa tano na kusema nadharia yote ibadilishwe. Manahodha wengi, chombo huenda mrama, na hapa hata hatujui nahodha alikuwa nani.

Kitu kimoja hakikuchelewa hata siku moja: ankara ya ada. Hiyo inakuja kila mwaka kwa wakati, na naijua kwa sababu sehemu yake inatoka kwenye riyali zangu. Chuo kinachelewa, mwanafunzi analipia ucheleweshaji. Nionyesheni biashara nyingine ya namna hiyo.

Mtasema muuguzi unajua nini kuhusu mambo ya maprofesa. Nina shahada moja tu ya uuguzi, kweli, lakini kazi ya kukabidhiwa mtu naijua. Wodini kwetu kila zamu ikianza majina yanaandikwa: mgonjwa huyu ni wa fulani. Si "wa wodi", ni wa fulani. Nikienda kula namkabidhi kwa mtu anayejibu "nimempokea". Nikienda likizo namkabidhi kwa maandishi. Na wana idadi yao, huwezi kunipa mahututi sita kisha ukaniuliza kwa nini mmoja alikaa bila dawa. Hata nilipokuja huku nilipewa muuguzi mlezi na orodha ya mambo ya kunifundisha, yeye anatia saini na mimi natia saini. Kama hayo yanafanyika kwa kufundisha mtu kutumia mashine ya dripu, inakuwaje mtu wa kuandika tasnifu aachwe ajitafutie mwalimu koridoni?

Ninaye mwenzangu wa kazi, Msaudia, naye anasoma uzamivu. Ijumaa moja jioni tulikwenda Dirah, ule mji wa kale wa Riyadh, tukazunguka Souq al-Zal (niliwanunulia udi, tulieni), tukakaa karibu na ngome ya Masmak na birika la gahwa. Nikamsimulia habari za mdogo wetu. Akaniuliza swali moja tu: "Barua yake ya kupangiwa inasemaje?" Nikabaki namtazama.

Vyuo vya Saudia vilikuwa na kanuni ya pamoja ya masomo ya juu tangu mwaka 1417 Hijria, yaani 1996/97. Mwaka 2019 ikaja sheria mpya ya vyuo vikuu na mambo yamebadilika, lakini ile ya zamani inatosha kunitia wivu. Mwanafunzi akiingia tu anapewa mshauri wa kumwongoza masomoni na kumsaidia kuchagua mada. Baadaye anapangiwa msimamizi, na msimamizi mkuu na msaidizi wanatenganishwa wazi. Mtu mmoja asisimamie tasnifu zaidi ya nne kwa wakati mmoja, dharura kubwa ikizidi, tano. Kila mwisho wa muhula anamwandikia mkuu wa idara ripoti ya maendeleo ya mwanafunzi. Na siku ya kutetea, wasimamizi hawaruhusiwi kuwa wengi kwenye jopo.

Nisiwadanganye kuwa huku ni peponi. Mwenzangu naye ana malalamiko yake ya kujaza gunia, na kwa miaka mingi wanawake hapa walifundishwa na maprofesa wa kiume kupitia televisheni. Karatasi peke yake haifundishi mtu. Lakini ukiwa na karatasi unajua ulipoonewa, na unajua mlango wa kubisha.

Jirani zetu Kenya nao walipata somo. Juni 2019 chuo cha JKUAT kilitoa shahada 118 za uzamivu kwa mahafali moja, nchi ikashtuka, na waziri wa elimu wa wakati huo, marehemu Profesa George Magoha, akaagiza tume ya vyuo vikuu ichunguze. Watu walibishana kama 118 ni wengi mno. Mimi hesabu yangu ni nyingine. Tume yao iliweka kikomo cha wanafunzi watatu wa uzamivu kwa mhadhiri mmoja. Wanafunzi 118, kila mmoja na wasimamizi wawili, mtu asizidi watatu: unahitaji wasimamizi 79, tena wasio na mwanafunzi mwingine yeyote wa uzamivu. Kabla hujauliza kama wahitimu ni wengi, uliza hao 79 wako wapi. Na kwetu swali ni lile lile, ila kwetu hawamalizi, kwa hiyo hakuna mahafali ya kumshtua mtu.

Najua kaka mkubwa atasema wahadhiri wanaonewa. Wana madarasa ya mamia, mitihani ya kusahihisha hadi usiku, na kusimamia tasnifu kunaonekana kama hisani. Nakubali, na ndiyo hoja yangu! Kanuni ya Saudia iliihesabu kila tasnifu kuwa saa moja katika mzigo wa ufundishaji wa msimamizi mkuu. Hisani hailipwi wala haidaiwi, kazi inahesabiwa na inadaiwa. Ukiiacha iwe hisani, mwanafunzi atabaki kubeba begi la mzee na kumwamkia shikamoo tano kwa siku akisubiri sura yake irudi. Wanafunzi wavivu wapo pia, nimesoma nao. Ila huwezi kumjua mvivu mpaka mwenzake awe ametimiza zamu yake.

Na msiniambie nyumbani hakuna miongozo. TCU ilitoa viwango na miongozo yake mwaka 2019, na kila chuo kina kitabu cha kanuni. Shida ni kwamba kitabu kiko kabatini na mwanafunzi anaogopa kukiomba, asije akaonekana ana kiburi.

Kwa hiyo naomba kikao cha Jumapili kifungue tena shauri hili, na mama mdogo awasomee haya kwa sauti maana yeye ndiye mwenye miwani. Ada ya mwaka huu nusu natuma mimi. Mdogo wetu nimeshaongea naye, anaandika kwa mkurugenzi wa masomo ya uzamili kuomba barua yenye jina la msimamizi mkuu, tarehe za kurudishiwa sura, na nani atampokea huyo akihama. Pia anaomba asitozwe ada ya ule mwaka aliokaa bila mtu. Nakala aibandike muhuri wa mapokezi, abaki nayo.

Shangazi, udi wako uko kwa yule dada wa Tanga anayerudi mwezi ujao. Zamu yangu inaanza saa moja, basi limeshapiga honi.