Mwendo wa Aliye Nyuma



Mfanyakazi aliyekaa mwaka mzima mbele ya mashine au meza ya ofisi anastahili likizo iliyo likizo kweli. Wapo vijana, na hata wazazi wenye watoto wakubwa, waniulizao juu ya safari ya miguu ya kuyazunguka maziwa ya Mlima Ruwenzori, huko magharibi mwa Uganda. Swali lao la kwanza ni gharama. La pili ni mizigo. Hayo ni maswali mema. Lakini lipo la tatu ambalo aghalabu halina mwulizaji: je, ni nani katika kundi lenu atakayekuwa nyuma?

Tuanze na njia yenyewe. Msafiri huondoka Nyakalengija, karibu na mji wa Kasese, kwenye kiasi cha mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa kwanza hulala Nyabitaba, mita 2,650. Wa pili hulala katika kibanda cha John Matte, mita 3,500. Wa tatu hulala Bujuku, mita 3,960, karibu na ziwa lililo katikati ya milima mitatu: Stanley, Speke na Baker. Siku ya nne huvuka shingo ya mlima iitwayo Scott Elliot, mita 4,370, kisha huteremka hadi maziwa mawili ya Kitandara, ambayo maji yake hutiririka kuelekea Kongo. Siku ya tano huvuka shingo ya pili, Freshfield, mita 4,280, na kushuka hadi Guy Yeoman. Siku ya sita hurejea Nyabitaba, na ya saba hutoka mlimani. Ni duara la siku 7, usiku 6.

Mlima huo uko ndani ya hifadhi ya taifa tangu mwaka 1991. Hapana budi kulipa ada na kufuatana na kiongozi. Wapagazi nao wapo, wengi wao wakiwa Wakonzo, wenyeji wa miteremko hiyo. Kabla ya kufunga safari, ulizeni ofisi ya hifadhi juu ya hali ya vibanda na madaraja, kwani mafuriko huweza kubadili mengi. Chagueni miezi yenye mvua haba, yaani Desemba hadi Februari, au Juni hadi Agosti. Hata hivyo msitazamie ukavu, kwa kuwa mlima huo hunyeshewa mwaka mzima.

Ndani ya shanta, jambo la kwanza ni nguo kavu za kulalia, zilizofungwa vizuri ndani ya mfuko wa nailoni, nazo zisivaliwe njiani hata kama zile nyingine zimelowa. Chukueni sweta la sufu, koti la mvua, soksi za kutosha na blanketi zito au mfuko wa kulalia. Viatu vya ngozi si kitu mbele ya kinamasi cha Bujuku. Wenyeji huvaa mabuti ya mpira, nasi yafaa tuwaige.

Sasa tazama tena zile mita. Kutoka Nyabitaba hadi John Matte mtu hupanda mita 850 kwa siku moja. Ushauri wa waganga ni kwamba, ukishapita mita 3,000, usilale mahali palipozidi pale pa jana kwa zaidi ya mita 500. Huko Bujuku hewa imepungua kwa zaidi ya theluthi ukiilinganisha na ya pwani. Kwa hiyo ongezeni usiku mmoja hapo John Matte. Katika siku 28 za likizo, moja si hasara.

Sisemi haya kwa kusoma tu. Nilipokwenda huko na wenzangu wawili, hatukuwa na siku ya akiba. Tikiti za basi la kurudi tulikwisha zikata. Usiku wa Bujuku kichwa kiliniuma, na chakula kikanikinai. Kiongozi wetu akaniuliza, "Ndugu, mbona sahani umeiacha?" Nikajibu kwamba nimechoka tu. Niliona haya. Wenzangu walikuwa wamejinyima miezi mingi, nami sikutaka kuwa mtu wa kuwaharibia.

Asubuhi, tukiupanda mteremko wa Scott Elliot, nikaanza kupepesuka kama mlevi. Kiongozi hakunijadili tena. Alinivua shanta, akatugeuza sote, na jioni tulikuwa John Matte, nami nikapata nafuu. Kitandara hatukuiona. Mwenzangu mmoja alisema neno moja ambalo halijanitoka: "Ungesema jana, ungeteremka jana."

Baadaye ndipo nilipofahamu hatari niliyoikaribia. Kitandara imo katikati ya zile shingo mbili. Mgonjwa akifika huko, hawezi kurudi wala kutoka kwa njia hiyo ya duara bila kwanza kupanda tena, ilhali tiba yake kubwa ni kushuka. Kwa hiyo uamuzi wa kuendelea au kurudi hufanywa Bujuku, kabla ya kuvuka.

Basi, ndugu msomaji, mnapoketi kupanga safari yenu, kubalianeni haya mapema, fedha zikingali mfukoni. Mwendo uwe wa yule aliye nyuma. Kila jioni kila mtu aulizwe juu ya kichwa, chakula na usingizi, naye aseme kweli. Mwenye dalili asipande hadi zimwondoke. Akizidiwa, ateremke papo hapo, hata kama ni usiku, wala asiteremke peke yake. Na wale wengine waahidi kabla ya kuondoka kwamba hawatamlaumu, maana lawama ndiyo imfanyayo mtu afiche.

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humwumbua. Mimi niliumbuliwa na sahani ya chakula, nikasalimika. Ziwa lingaliko, na wale wenzangu wawili, ambao hawakunilaumu hata siku moja, wamekwisha anza kuweka akiba tena. Safari hii tumeandika siku 8.

Hadi Jumapili ijayo.