Ujira wa Mchoraji

Chukua, msomaji, gazeti lolote lililo karibu nawe, ulifunue polepole. Utaona jina la aliyeandika habari, na aghalabu la aliyepiga picha. Sasa litafute jina la aliyechora mchoro uliokuvuta macho hata ukaisoma habari yenyewe. Mara nyingi hutalipata. Wanaoitetea desturi hii husema kwamba mchoro ni pambo tu, na kwamba mchoraji amekwisha kulipwa. Adai nini tena? Nami nasema hoja hiyo ni dhaifu, na inawanyang'anya vijana wenye vipaji, nawe huenda u mmoja wao, mali iliyo yao.

Mchoro kuwa pambo! Ni wasomaji wangapi wa Taifa Leo walioanza kwa Juha Kalulu wa Edward Gitau kabla ya kutazama habari za bungeni? Kalamu ya mchoraji huuza gazeti. Mbona basi iitwe pambo siku ya kulipa?

Ama kuhusu malipo, hapa ndipo penye shina la jambo. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya, iliyotungwa mwaka 2001, yasema katika kifungu cha 31 kwamba hakimiliki ya kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa imehamia kwa mwenye kuagiza, isipokuwa wawili hao wamepatana vinginevyo. Fahamu maana yake. Mchoraji aliyeombwa achore punda kwa tangazo la siku moja, naye akanyamaza, aweza kumwona punda wake mwakani juu ya kalenda, juu ya fulana na ubavuni mwa basi, wala asipate hata senti. Uingereza, tulikoiga sheria nyingi, haifanyi hivyo: kwa sheria yake ya mwaka 1988, mchoraji asiyekuwa mwajiriwa hubaki mwenye hakimiliki mpaka aitoe kwa maandishi yenye sahihi yake.

Tarehe 29 Machi 1976 jarida la The New Yorker, huko Marekani, lilitoa jalada lililochorwa na Saul Steinberg, lionyeshalo jinsi mkazi wa New York auonavyo ulimwengu: barabara zake mbili tatu kubwa kama nchi, na Uchina, Japani na Urusi zikijikunyata ng'ambo ya bahari. Jarida likamwachia Steinberg hakimiliki. Kampuni ya filamu ya Columbia ilipotoa tangazo lililofanana nalo mno mwaka 1984, alikwenda mahakamani, na mwaka 1987 akashinda. Laiti hakimiliki yake ingalimtoka kimyakimya, angalisimama mbele ya hakimu na nini mkononi?

Wako watakaokutisha kwamba mchoraji akidai sana, mhariri ataigeukia mitambo ya kompyuta, ambayo tangu mwaka 2022 imeenea ikichora kwa kuambiwa maneno machache. Lakini mitambo hiyo ilifunzwa kwa michoro ya watu, aghalabu bila ya idhini yao. Na Januari 2023 wachoraji watatu wa Marekani, Sarah Andersen, Kelly McKernan na Karla Ortiz, walizishtaki baadhi ya kampuni zake. Kitisho hicho ni sababu ya kuzidi kuzishika haki.

Na sheria yetu, kwa ubaya wake wote, imeacha mlango wazi. Ukiagizwa mchoro, andikianeni kabla hujashika kalamu: utatumika wapi, kwa muda gani, na kwamba jina lako litachapwa chini yake. Mteja akikataa kutia sahihi, muulize alikusudia kuufanyia nini.